Mtoto anayechuchumaa njiani

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya mbegu za viazi. Tunaomba ruhusa tuiweke pembeni kidogo. Kuna jambo la shuleni ambalo halituachi, na tumeona afadhali tuliandike lingali la moto.

Katika mwaka wa pili tuna mtoto wa miaka minane. Kila asubuhi alichelewa. Nyumba yao iko chini bondeni na shule iko juu. Wenzake hupanda mbio, yeye alifika kengele imekwisha kulia, kifua kinapanda na kushuka, hasemi kitu. Wakati wa mapumziko alicheza mpira dakika mbili tatu, kisha alichuchumaa katikati ya uwanja, magoti kifuani, kama mtu anayetafuta franka iliyoanguka. Wenzake walimzunguka na kuendelea na mchezo. Baada ya kitambo alisimama tena. Sisi walimu tulimwita mvivu. Tuseme wazi, maana gazeti hili ni la nyumbani: tulimwadhibu kwa kuchelewa, zaidi ya mara moja, mbele ya darasa lote.

Aliyetufumbua macho si mwalimu. Ni mama mmoja wa chama chetu aliyekuja kumchukua binti yake kabla ya saa. Alimwona mtoto amechuchumaa, akamwita kwa upole, akamwambia: «Mwanangu, toa ulimi nione.» Ulimi ulikuwa wa zambarau, kama wa mtoto aliyetoka kula matunda ya msituni. Mama yule alinyamaza. Baadaye alituambia kwamba yeye alizika mtoto mwenye ulimi wa namna ile, miaka mingi imepita, na mpaka leo hakuna aliyemwambia ulikuwa ugonjwa gani.

Tulikwenda kuongea na wazazi. Walikuwa wametembea sana kabla yetu. Kituo kimoja kiliwaambia ni asma. Jirani aliwaambia ni kilimi, na kilimi kilikatwa. Mufumu aliwaambia ni karuho, na kwamba aliyeitia ni mwanamke wa ukoo wa baba. Kwa neno hilo ndugu wawili hawasalimiani tena. Hakuna hata mmoja aliyeweka sikio kwenye moyo wa mtoto. Muuguzi aliyemwona safari hii alimbana kidole kwa kile chombo kidogo chenye taa nyekundu, na namba ikatokea: 76. Akamsikiliza kifuani kwa muda mrefu. Kisha akaandika barua ya kumpeleka Goma, kwa munganga mwenye mashine ya ekografi ya moyo.

Ekografi mnaijua, ni ile ile ya wamama wenye mimba. Haichomi, haitoi damu, mtoto analala tu na munganga anapitisha kitu chenye mafuta kifuani. Inaonyesha moyo ukiwa unapiga, vyumba vyake, milango yake, na damu inakopita. Bila hiyo munganga anaweza kushuku tu. Jibu lilikuwa kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo, ile inayoitwa tetralojia ya Fallot.

Tueleze sasa, kama tunavyoeleza darasani. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini, na ukuta katikati. Upande wa kuume unapokea damu iliyochoka, iliyoacha oksijeni mwilini, na kuisukuma kwenye mapafu. Upande wa kushoto unapokea damu ikirudi kutoka mapafuni, nyekundu na yenye nguvu, na kuituma mwili mzima. Damu hizi mbili hazipaswi kuchanganyika. Nyumba hii yote inajengwa mapema sana, kati ya juma la tatu na la nane la mimba, mara nyingi mama bado anahesabu siku bila hakika. Fundi akikosea kidogo, ukuta unabaki na tundu, au mlango unakuwa mwembamba, au bomba linafungwa mahali pasipo pake.

Si jambo la nadra. Kwa watoto 1,000 wanaozaliwa hai, karibu 8 au 9 wana kasoro fulani ya moyo, na hesabu hiyo ni ya dunia nzima. Chukueni kituo cha kuzalisha kinachopokea watoto 500 kwa mwaka: karibu wanne kila mwaka. Wako wapi hao wanne? Wengine wana kasoro ndogo na wanakua bila kujua. Wengine tumewazika sisi wenyewe, kwa jina la nimonia, kwa jina la bwaki, kwa jina la karuho.

Kasoro ziko za namna nyingi, lakini kwa macho ya mama zinakuja kwa sura mbili.

Sura ya kwanza ni ya mtoto asiye na rangi mbaya. Ana tundu katika ukuta wa moyo, au mshipa uliopaswa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa umebaki wazi. Damu nyekundu inarudi tena na tena kwenye mapafu, na mapafu yanajaa kama shamba ambalo mfereji wake umepasuka. Huyu anaweza kuzaliwa mzuri, analia vizuri, kila mtu anafurahi. Shida inaanza mara nyingi akiwa na juma nne hadi nane. Ananyonya kidogo, anaacha, anahema, paji la uso linatoka jasho hata katika baridi yetu ya asubuhi, analia njaa, anarudia, anaacha tena. Mama anaambiwa maziwa yake ni mabaya. Si maziwa! Mtoto anachoka kunyonya kama mtu mzima anavyochoka kupanda mlima na gunia mgongoni. Siku ya kupima kilo, mstari kwenye fishi haupandi. Na nimonia inarudi: anatibiwa, anapona, mwezi unaofuata yuko tena kituoni.

Tundu dogo linaweza kujifunga lenyewe, na mengi hujifunga. Tena tundu dogo linaweza kupiga kelele zaidi ya kubwa, sawa na maji yanayopita kwenye bomba lililobanwa, kwa hiyo ukubwa wa kelele si ukubwa wa hatari. Na watoto wengi wazima wana kelele kidogo moyoni bila ugonjwa wowote. Tundu kubwa ndilo lisilongoja. Likiachwa miaka, mishipa ya mapafu inakauka na kuwa migumu, damu inageuza njia, na hapo hata munganga bingwa hawezi tena kuliziba, maana kuliziba kutaua. Ndiyo sababu «tungoje akue kwanza» ni neno la kuogopa likitoka kwa jirani. Likitoka kwa munganga aliyeona ekografi, tunalipokea.

Sura ya pili ni ya mtoto kama huyu wetu. Munganga Mfaransa aitwaye Arthur Fallot, wa Marseille, ndiye aliyeieleza vizuri mwaka 1888. Kuna tundu katika ukuta, na njia ya kwenda mapafuni ni nyembamba. Mshipa mkubwa wa mwili umekaa juu ya tundu, na chumba cha kuume kimenenepa kwa kusukuma kwa nguvu. Damu iliyochoka inakosa njia ya mapafu, inapitia tunduni na kuingia mwilini bila oksijeni. Ndiyo maana ulimi ni wa zambarau.

Na kuchuchumaa? Hilo ndilo lililotunyima usingizi. Mtoto akikunja magoti anabana mishipa ya miguu. Damu inapata kazi kubwa kushuka, na sehemu yake inalazimishwa kupita njia ya mapafu. Kwa hiyo anapata nafuu. Hakuna aliyemfundisha, mwili wake uliivumbua dawa hiyo wenyewe, na sisi tulimwambia asimame wima!

Wamama, ngozi yetu inaficha. Kwa mtoto mweusi msitafute ubuluu shavuni. Tazameni ulimi, ufizi, ndani ya midomo, na chini ya kucha, mkiwa mahali penye mwanga wa jua. Akiwa amekwisha kukua kidogo tazameni vidole: ncha zake zinavimba kama vijiti vya kupigia ngoma na kucha zinajikunja. Mtoto mchanga wa namna hii anaweza asubuhi, baada ya kulia au kujisaidia, kuwa mweusi ghafula, kuhema kwa nguvu, kulegea, hata kuzimia. Hapo msimmwagie maji wala kumpiga makofi. Mkunjeni magoti mpaka kifuani, mmbembeleze anyamaze, na mwende kituoni siku hiyo hiyo.

Kile chombo cha kidole kinaweza kutumika hata kwa mtoto wa siku moja: kinabanwa mkono wa kuume, kisha mguu mmoja. Hakigundui kila kasoro. Mtoto wa sura ya kwanza anaweza kuwa na namba nzuri kabisa. Lakini namba ikiwa chini ya 90, mtoto asirudishwe nyumbani kwa maneno matupu. Mama ana haki ya kuomba. Semeni hivi, bila haya: «Naomba umsikilize moyo, na umpime oksijeni.» Maneno hayo ni mafupi, na muuguzi mwema hatachukia.

Tulipokuwa tunasoma juu ya ugonjwa huu tulikutana na mwanamke mmoja, na hatuwezi kumaliza bila kumtaja. Helen Taussig alizaliwa Marekani mwaka 1898. Shuleni alipata taabu kubwa ya kusoma, herufi zilimchezea machoni. Leo mwalimu angemweka nyuma ya darasa. Chuo kikubwa alichotaka hakikuwapa wanawake shahada ya uganga. Alisoma kwingine, akawa munganga wa watoto huko Baltimore, na akiwa bado kijana masikio yake yakaanza kufa. Munganga wa moyo asiyesikia moyo! Basi akasikiliza kwa vidole: aliweka mikono kifuani mwa mtoto na kufuata mtetemo.

Mwaka 1938, huko Boston, munganga Robert Gross alikuwa amemfunga msichana wa miaka saba ule mshipa uliobaki wazi baada ya kuzaliwa, na msichana alipona. Kila mtu alifurahia kufunga. Taussig yeye aliona kinyume chake kwa watoto wake wa zambarau: wale ambao mshipa huo ulikuwa bado wazi waliishi, na ulipojifunga hali yao iliharibika. Akajiuliza, kama mshipa wazi unawasaidia, kwa nini tusiwatengenezee mwingine? Alimpelekea swali hilo mpasuaji Alfred Blalock. Kazi ya kutafuta namna ya kuunganisha ilifanywa na mtu mweusi, Vivien Thomas, mtoto wa seremala. Alikuwa amemaliza shule ya sekondari, na fedha zake za chuo zilipotea benki zilipoanguka. Alijaribu kwa mbwa mpaka mkono ukajua. Tarehe 29 Novemba 1944 walimpasua mtoto wa kike wa miezi 15, aliyekuwa mdogo kama mtoto mchanga. Thomas alisimama juu ya kibao nyuma ya mpasuaji, akimwelekeza. Walichukua mshipa uendao mkononi na kuuelekeza kwenye mapafu. Mtoto yule hakuishi muda mrefu. Miezi iliyofuata alihitaji kupasuliwa tena na akafa kabla ya kutimiza miaka miwili. Lakini waliomfuata waliondoka mezani midomo imekuwa ya rangi ya waridi, na wamama walitoka nchi za mbali kuleta wao. Thomas alingoja hadi mwaka 1976 ndipo chuo kikampa heshima ya udaktari.

Leo tetralojia inatengenezwa yenyewe: tundu linazibwa kwa kiraka, na njia ya mapafu inapanuliwa. Moyo unasimamishwa kwa saa chache na mashine inashika kazi yake. Matundu mengine na ule mshipa wazi huzibwa bila kupasua kifua: waya mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa pajani, unafika moyoni, na kuacha kizibo. Mtoto anaweza kurudi nyumbani baada ya siku chache.

Kwa watoto wetu wa Kivu kazi hiyo inafanyika mbali, ila si tena mbali ya kupanda ndege kwenda Ulaya tu. Dar es Salaam, kupasua moyo kulianza hospitali ya Muhimbili mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ambako watoto wanapasuliwa na wanazibwa kwa waya. Kampala kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, pale Mulago. Kigali kuna hospitali ya King Faisal. Nairobi, hospitali ya Mater inawatibu watoto wa moyo, na watu wa mji hukimbia mbio kuwachangia wasio na uwezo. Khartoum, shirika la Kiitaliano Emergency lilifungua mwaka 2007 kituo cha moyo kisicholipisha, kilichopokea wagonjwa wa nchi nyingi. Vita vilivyoanza huko Aprili 2023 vikavuruga kazi. Sisi wa Masisi hatuhitaji kuelezwa maana ya neno hilo, kuvuruga.

Familia inayotafuta msaada ianze na karatasi. Ekografi yenyewe, si jibu la mdomo. Barua ya munganga. Fishi ya chanjo. Kitambulisho cha mtoto kilichoandikwa kwa jina moja kila mahali. Tumeona mtoto mwenye majina matatu katika karatasi tatu. Wekeni nakala kwa mtu mwingine, maana tunajua namna tunavyokimbia nyumba zetu.

Na wakati wa kungoja kuna kazi ya mama, wala si ndogo. Mtoto wa zambarau asikauke. Damu yake ni nzito. Akiharisha au kutapika bila kunyweshwa, inaweza kuganda na kumpooza. Apewe maji mara kwa mara, na akianza kuharisha msingoje kesho. Meno yapigwe mswaki, kwa sababu vijidudu vya jino bovu vinaweza kupita katika damu na kukaa moyoni. Kabla ya kung'oa jino mwambieni anayeng'oa kwamba ni mtoto wa moyo, ampe antibiotiki. Kwa sababu hiyo hiyo tunasema kwa nguvu: asikatwe kilimi, asichanjwe kwa wembe. Chanjo za kituo apate zote. Dawa alizoandikiwa zisiachwe kwa sababu leo anaonekana mzuri.

Tumeulizwa na baba mmoja: nani alileta ugonjwa huu? Mara nyingi hakuna anayejua. Rubela katika miezi ya kwanza ya mimba inaweza kuharibu moyo wa mtoto, pia kisukari cha mama kisichotibiwa, pombe, na dawa fulani zinazomezwa bila kuuliza. Watoto wenye trisomia 21, karibu nusu yao wana kasoro ya moyo, kwa hiyo kila mmoja wao asikilizwe. Zaidi ya hapo sababu haionekani. Haitoki kwa shangazi. Haitoki kwa mke mwenza. Wale ndugu wawili tuliowataja, tumekwenda kwao mara mbili na ekografi mkononi. Mmoja ameanza kusikiliza.

Mtoto wetu anameza dawa inayozuia yale mashambulio ya ghafula, na karatasi zake zimetumwa. Wazazi wanangoja jibu. Tumemhamishia kwenye benchi karibu na mlango. Anatoka nyumbani mapema na dada yake anambebea mfuko, na akifika baada ya kengele hakuna anayemuuliza. Tulimwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Alitazama chini, kama watoto wanavyofanya. Wakati wa mpira ndiye anayeshika saa na kuhesabu mabao, na anapochuchumaa wenzake wawili huchuchumaa pembeni yake, hatujui nani aliwaambia.

Juma lijalo, viazi.